Kuzaa si kazi: amri tunazozisahau baada ya kuchapisha kifurushi

Kuchapisha kifurushi cha programu huria, yaani msimbo uliofungwa tayari kwa wengine kuusakinisha, siku hizi ni kazi ya sekunde chache. Unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika npm publish ukiwa mtu wa JavaScript, au cargo publish ukiwa mtu wa Rust, au twine upload ukiwa mtu wa Python, unabonyeza Enter, na kazi ya mikono yako inapatikana kwa yeyote mwenye intaneti. Nimefanya hivyo mara nyingi na bado moyo hunienda mbio kila mara. Mwanafunzi aliyemaliza kuandika maktaba yake ya kwanza, yaani msimbo wa kutumiwa na programu nyingine, usiku huu anaweza kuitoa kabla hajalala, na hilo ni jambo la kushangilia.

Sasa tuulize swali la pili. Mwandishi huyohuyo ataandika amri gani mwaka wa nne, siku ambayo maktaba anayoitegemea imebadilika, mgeni amemletea kiraka, yaani mabadiliko ya msimbo, cha mistari mia tatu, na kompyuta aliyotolea toleo la kwanza imeshaharibika? Hapo wengi wetu tunanyamaza. Tuna mazoea, tuna maelezo yaliyoachwa nusu, tuna skripti fulani kwenye folda ambayo haikuwahi kuingia kwenye Git, zana inayotunza msimbo na historia yake.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hoja yangu ndiyo hiyo, nikiielekeza kwenye mstari wa amri: zana zetu zimekuwa hodari mno wa kuzaa vifurushi, na kwenye kuvilea bado ni dhaifu. Udhaifu huo hautokani na uvivu wa mtu. Umetokana na nani aliyeunda zana hizo na kwa ajili ya nani. Na wapo washambuliaji waliokwisha kuutumia kama njia ya kuingilia.

Mzee wa zana hizi ni make, zana ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake. Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 akiwa Bell Labs, baada ya mwenzake kumjia akiwa amefura kwa hasira. Mwenzake huyo alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo kumbe alishalisahihisha. Faili iliyosahihishwa haikuwa imekompailiwa upya, yaani haikuwa imegeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa hiyo alikuwa anasoma msimbo mpya huku kompyuta ikiendesha ule wa zamani. Dawa ya make ilikuwa nyepesi: angalia saa ya kila faili, linganisha chanzo na kilichozaliwa nacho, kisha jenga upya kile tu kilichopitwa na wakati.

Watu huisifu make kwa kuokoa muda. Mimi naisifu kwa jambo jingine. Kabla yake, maarifa ya kujenga programu yalikaa kichwani mwa mtu: anza na faili hii, halafu ile, usisahau kuunganisha na maktaba fulani. Makefile, faili ya maagizo ambayo make huisoma, iliyatoa maarifa hayo kichwani ikayaweka kwenye maandishi ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma, kuyabishia na kuyaendesha. Mstari wa amri una thamani hiyo ambayo programu ya kubofyabofya haina: kilichoandikwa kinaweza kurudiwa na mtu ambaye hujawahi kukutana naye.

Na ndani ya make kuna funzo la kwanza la kulea. Makefile inadai kila mstari wa amri uanze kwa Tab, na nafasi za kawaida hazikubaliki. Feldman alitambua mapema kwamba uamuzi ule ungewasumbua watu, lakini wakati huo alishakuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili, wengi wao rafiki zake, akaona asiwaharibie walichokwisha kuandika. Tab ikabaki. Karibu miaka 50 baadaye, anayejifunza make leo bado anajikwaa hapohapo. Simlaumu. Alifanya anachopaswa kufanya mlezi, yaani kuwafikiria waliokwisha kumtegemea. Lakini ona jinsi ulezi unavyoanza mapema: ulimkuta akiwa na watu kumi na wawili tu.

Miaka ya tisini iliingia na desturi ya hatua tatu ambayo wengi wetu tuliikariri: ./configure, make, make install. Autoconf, iliyoanza mwaka 1991, ndiyo iliyozalisha ile skripti ya configure inayouliza kompyuta maswali kabla ya ujenzi. Skripti hiyo hufika maelfu ya mistari, huandikwa na mashine, na hakuna binadamu anayekaa kuisoma. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Tatizo la make install lilikuwa kusahau. Ilinakili faili huku na huko, kisha haikujua tena ilizipeleka wapi. Ukitaka kuiondoa programu, ilikuwa shauri yako. Vifurushi vilikuja kujibu hilo. Ian Murdock alianzisha Debian, mfumo endeshi wa Linux, mwaka 1993, na dpkg, zana yake ya vifurushi, ikawa moyo wake. Red Hat, kampuni ya Linux, ilileta zana yake, RPM, mwaka 1995. Sasa mtu aliweza kuuliza kompyuta, kwa dpkg -S au rpm -qf, faili hii imeletwa na kifurushi kipi, akapata jibu. Mashine ilianza kuwa na kumbukumbu.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana nadhani mradi wa Debian ndio uliokwenda mbali kuliko wengine katika kulea, na watu wa lugha za kisasa hawautazami vya kutosha. Ndani ya kila kifurushi cha chanzo cha Debian kuna folda iitwayo debian. Humo kuna control, inayosema kifurushi ni nini na kinategemea nini. Kuna rules, ambayo ni Makefile. Kuna copyright. Na kuna changelog, faili ninayoipenda kuliko zote. Muundo wake ni mkali: mstari wa kwanza una jina, namba ya toleo kwenye mabano, na mahali linakokwenda, mstari wa mwisho una jina la mtu, anwani yake na tarehe, na kabla ya tarehe sharti kuwe na nafasi mbili. Ukiweka moja, zana zinalalamika.

Ukali huo una sababu: mashine inaisoma faili hiyo. Namba ya toleo hutoka humo. Ukiandika neno Closes na namba ya hitilafu, hitilafu hiyo hufungwa yenyewe kifurushi kikipokelewa. Hata tarehe uliyoiandika hugeuka kuwa saa ya ujenzi, kwani dpkg-buildpackage huichukua na kuiweka kwenye kigezo kiitwacho SOURCE_DATE_EPOCH, ili programu zote zinazopenda kujigonga muhuri wa saa zitumie saa ileile, leo na miaka mitano ijayo. Sentensi moja iliyoandikwa na mtu kueleza alichobadilisha inakuwa pia sehemu ya mtambo. Sijaona kwingine maelezo na ujenzi vikifungwa pamoja kwa uzuri namna hiyo.

Kisha kuna zana zenyewe za ulezi. uscan husoma faili iitwayo watch na kukuambia kama mwandishi wa asili ametoa toleo jipya. lintian hupekua kifurushi ikitafuta makosa ambayo wengine walishayafanya kabla yako. sbuild hukijenga ndani ya mazingira matupu, ili maktaba iliyojibanza kwenye kompyuta yako isikudanganye kwamba kila kitu kimetajwa. debdiff hulinganisha toleo jipya na lililopita. piuparts husakinisha kifurushi, hukipandisha toleo, hukiondoa, kisha huzunguka kukagua uchafu kilioacha nyuma. Fikiria kuandika programu nzima kwa ajili ya kukagua namna kifurushi kinavyoaga!

Kwa nini zana hizi zilizaliwa huko? Jibu langu ni kwamba anayetengeneza kifurushi cha Debian mara nyingi siye aliyeiandika programu. Amepokea mtoto wa mwingine. Hajui siri za nyumba alikotoka, hana kumbukumbu ya kwa nini mstari fulani uliandikwa hivyo, na pengine analea vifurushi ishirini kwa pamoja. Kila asichokijua kinamlazimu kutengeneza zana ya kumwonyesha. Umbali ule kati ya mwandishi na mtunzaji, ambao wengi wanauona kuwa kero na ucheleweshaji, ndio uliozaa uangalifu.

Hifadhi za vifurushi vya lugha za programu ziliuondoa umbali huo. CPAN ya Perl ilifungua njia mwaka 1995, ikifuatwa na PyPI ya Python, RubyGems, npm na nyinginezo. Huko mwandishi ndiye mchapishaji, na hakuna wa katikati. Faida yake ni kubwa na sitaki irudishwe nyuma. Lakini zana zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekijua kifurushi chake kwa moyo hazina sababu ya kumuuliza maswali. Zinamwamini. Zinachukua kilichomo kwenye folda na kukipeleka.

Mimi mwenyewe niliwahi kutoa toleo la maktaba ndogo ya Python lisilo na faili moja ya data. Majaribio yote yalikuwa yamepita, kwa sababu niliyaendesha ndani ya folda ya msimbo, ambako faili ile ilikuwepo. Kwenye kifurushi haikuingia. Aliyeisakinisha kwanza alipata kosa ndani ya dakika moja. Nilijifunza siku hiyo kwamba nilikuwa nimejaribu folda yangu na wala sikuwa nimejaribu kifurushi, na kwamba hivi ni vitu viwili.

Zana nzuri zinaijua tofauti hiyo. Amri ya python -m build hutengeneza kwanza kifurushi cha chanzo, kisha hujenga kile cha kusakinisha kutoka ndani ya kifurushi hicho cha chanzo badala ya folda yako, hivyo faili nyingi zilizosahaulika huumbuka mapema. cargo publish nayo hukifungua kifurushi pembeni na kukikompaili kabla ya kukipeleka. Ulimwengu wa R, lugha ya takwimu, umekuwa na desturi hiyo kitambo: R CMD build, kisha R CMD check juu ya furushi lililotokea, na CRAN, hifadhi ya vifurushi vya R, haipokei kisichopita. Waandishi wa R hulalamika juu ya ukali wa CRAN, na baadhi ya malalamiko ni ya haki. Ila nikisakinisha kitu kutoka huko, najua kuna mashine iliyokikataa mara kadhaa kabla yangu.

Tarehe 22 Machi 2016 ilionyesha upande mwingine wa kuaminiana bila maswali. Mwandishi mmoja, baada ya mzozo juu ya jina la kifurushi, aliondoa vifurushi vyake zaidi ya 250 kutoka npm. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 ya kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mikubwa iliyokitegemea bila hata kujua, kupitia vitegemezi vya vitegemezi vyake, ikashindwa kujengwa. Kilirudishwa baada ya muda mfupi na kanuni za kufuta zikabadilishwa. Watu wengi walicheka kwamba dunia ilisimama kwa ajili ya mistari 11. Mimi naona kasoro ilikuwa kwenye amri. Kufuta kifurushi kinachotegemewa na maelfu kulikuwa kwepesi sawa na kufuta cha majaribio ulichokitoa jana. Cargo ilichagua njia nyingine tangu mwanzo: amri yake ya yank huzuia miradi mipya kulichukua toleo, lakini anayelitumia tayari haondolewi ardhi chini ya miguu yake. Huo ni uamuzi wa ulezi uliowekwa ndani ya zana, na haumtegemei mtu awe na busara siku anapokuwa na hasira.

Makabidhiano ndiyo jambo ambalo zana zote, hata za Debian, zinaligusa kidogo mno. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, maktaba ya npm iliyokuwa ikipakuliwa karibu mara milioni 2 kwa wiki, aliikabidhi kwa mtu aliyejitolea kusaidia. Alikuwa haitumii tena na halipwi kitu. Mrithi aliongeza kitegemezi kipya, na ndani yake kulikuwa na msimbo wa kuiba bitcoin kutoka kwenye pochi iitwayo Copay. Kwa macho ya zana hakuna kilichotokea. Toleo lilichapishwa na mwenye haki ya kulichapisha.

Halafu ikaja xz.

Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, aliutangazia ulimwengu kwamba maktaba ya kubana faili, liblzma, iliyo sehemu ya mradi wa xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa na mlango wa siri. Alikuwa anapima kasi ya kitu kingine kabisa. Akaona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, na badala ya kupuuza, akafuatilia. Hitilafu hiyo ilipewa namba CVE-2024-3094 na alama 10, ya juu kabisa. Ilikuwa imeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora.

Aliyeupanda mlango ule alijiita Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga uaminifu. Alituma viraka vizuri. Wakati huohuo, watu wasiojulikana walimsonga mtunzaji wa asili, wakilalamika kwamba anachelewa na kwamba mradi unahitaji mtu mwingine. Mtunzaji huyo alikuwa ameeleza hadharani kwamba afya yake ya akili imeyumba na kwamba kazi ile anaifanya kwa kujitolea. Hatimaye alimgawia msaidizi wake haki ya kutoa matoleo. Nikiisoma habari hiyo huwa nasikia uchungu. Ni mtu aliyefanya wema wa kimya kwa miaka mingi, na wepesi wa kuchoka ambao kila binadamu anao ukageuzwa kuwa ufunguo.

Lakini kwa hoja ya leo naomba tuangalie ulipofichwa mlango wenyewe. Mwili wa msimbo mbaya ulikuwa ndani ya faili mbili za majaribio, zilizoonekana kama data iliyobanwa tu. Hizo zilikuwepo kwenye Git kwa wote kuziona. Ila uzi wa kuzifungua, mstari ulioongezwa kwenye faili iitwayo build-to-host.m4, haukuwepo kwenye Git. Uliwekwa kwenye furushi la tar la kutolea toleo peke yake, yaani ile faili moja inayobeba msimbo wote wa toleo. Desturi ya Autoconf ni kwamba furushi huwa na faili ambazo hazipo kwenye hifadhi ya Git, zile zilizozalishwa na mashine, maelfu ya mistari ambayo niliomba msomaji aishike. Hakuna aliyeshangaa furushi kutofautiana na hifadhi, kwa sababu miaka yote limekuwa likitofautiana. Adui alijificha kwenye tofauti ambayo sisi wenyewe tulishaizoea.

Na msimbo ule haukuamka popote tu. Ulikagua kwanza kama unajengwa kwenye Linux ya chipu za x86-64, na kama kuna faili ya debian/rules au dalili kwamba rpmbuild ndiyo inayojenga. Mtu mdadisi aliyejenga kwa mkono nyumbani kwake hakuona kitu. Ulisubiri zana za vifurushi zenyewe, ukijua kwamba hizo ndizo njia ya kuwafikia wengi. Sijui ushahidi mzito kuliko huu kwamba mtambo wa kujenga vifurushi ni sehemu ya programu, na kwamba anayeusoma msimbo bila kuusoma mtambo amesoma nusu.

Wapo watakaosema dawa ipo: ujenzi unaorudiwa, yaani watu wawili wasiofahamiana wajenge chanzo kilekile na kupata matokeo yaleyale hadi biti ya mwisho. Kazi hiyo imesukumwa sana na watu wa Debian tangu mwaka 2013, na imetupatia diffoscope, moja ya zana nzuri kuliko zote ninazozijua, inayofungua mafaili mawili tabaka kwa tabaka na kukuonyesha yalipoachana. Wenzao wa Guix, mradi mwingine wa vifurushi, wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 walionyesha kwamba mfumo wao wote unaweza kujengwa kuanzia mbegu ya baiti 357 tu. Naiheshimu kazi hii kwa moyo wote. Hata hivyo, isingeikamata xz peke yake. Ukijenga mara mia kutoka kwenye furushi lenye sumu, utapata sumu ileile mara mia. Kilichokosekana kilikuwa hatua ya kabla: amri inayolitoa furushi moja kwa moja kutoka kwenye Git, na nyingine inayokataa furushi lenye kitu kisichoweza kuelezwa na Git.

Kuna pingamizi jingine, nalo linanigusa zaidi kwa kuwa linagonga sifa nilizoimwagia Debian. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ndani ya Debian aliondoa mistari iliyokuwa ikisababisha maonyo kwenye zana ya kukagua kumbukumbu, Valgrind. Aliuliza kwanza kwenye mjadala wa wanaoiandika OpenSSL, na majibu hayakumzuia. Kumbe aliondoa karibu chanzo chote cha bahati nasibu ambacho funguo hutengenezewa. Hadi ilipotangazwa tarehe 13 Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwenye mashine hizo zilikuwa za kukisika: kwa kila aina na ukubwa, zilikuwapo elfu 32 na kidogo tu za kujaribu. Umbali ule niliousifu uligeuka kuwa shimo, kwani mlezi alibadilisha kitu ambacho mzazi peke yake ndiye aliyekijua undani wake, na kiraka kikakaa kwa karibu miaka miwili bila jicho la pili.

Nalikubali pingamizi hilo, na jibu lake si kuachana na umbali. Umbali unahitaji njia ya kurudi. Debian baadaye iliandika kanuni za kukiwekea kila kiraka kichwa cha habari: kimetoka wapi, kinafanya nini, na kama kimerudishwa kwa mwandishi wa asili, kwenye sehemu iitwayo Forwarded. Ni maandishi machache juu ya faili. Lakini mashine inaweza kuyasoma, na lintian inaweza kuuliza kwa nini kiraka hiki hakina maelezo. Swali linaloulizwa na mashine kila mara halichoki, halioni haya, wala halimwogopi mwenye cheo.

Basi ninachowaomba wanaoziandika zana hizi ni hiki. Vipande vya ulezi tayari vipo. npm diff inaonyesha tofauti kati ya toleo moja na jingine. cargo-semver-checks inakuambia kama mabadiliko yako yanavunja ahadi ya namba ya toleo. abidiff inafanya kazi ya jinsi hiyo kwa maktaba za C. Tatizo ni kwamba vimekaa kando ya njia, na mtu lazima avijue, avisakinishe na avikumbuke, ilhali publish iko katikati ya barabara. Viingizwe humo. Ninapoandika amri ya kuchapisha, nionyeshwe kwanza orodha ya faili zilizoongezeka tangu toleo lililopita, vitegemezi vipya kwa majina, skripti zitakazoendeshwa kwenye kompyuta ya mtumiaji wakati wa kusakinisha, na kila kilichomo kwenye furushi ambacho Git haikijui. Kisha niulizwe kama ndivyo nilivyokusudia. Ndiyo, itanichelewesha dakika moja. Wanaonitegemea hawawezi kuiona kompyuta yangu, na dakika hiyo ndiyo nafasi yao pekee ya kuwakilishwa mezani.

Hoja ya kwamba watu watabonyeza ndiyo bila kusoma naijua. Wengine watafanya hivyo. Lakini orodha hiyohiyo inaweza kuwekwa hadharani karibu na toleo, na hapo hata asiyeniamini ataisoma kwa ajili yangu.

Upande wetu sisi watunzaji kuna jambo ambalo halihitaji kusubiri zana yoyote. Nilianza kulifanya mwaka jana. Kwenye mradi wangu kuna faili iitwayo RELEASING yenye amri zote za kutoa toleo, moja baada ya nyingine, tangu kusafisha folda hadi kutia saini. Nilidhani imekamilika. Nikamwomba mwenzangu ambaye ana haki za kuchapisha lakini hakuwahi kuzitumia atoe toleo lililofuata, kwenye kompyuta yake, akifuata faili ile tu, nami nikajizuia kusema lolote.

Alikwama kwenye mstari wa tatu. Amri ilikuwa sahihi, ila ilitafuta skripti kwenye njia iliyopo kwenye diski yangu peke yake. Tukaisahihisha. Akakwama tena kwenye wa saba, ambao ulihitaji toleo la zana fulani ambalo sikuwa nimelitaja popote, kwa kuwa kwangu lilikuwapo miaka yote. Kwenye wa kumi na moja akaniuliza ufunguo wa kutia saini uko wapi, na nani mwingine anao.

Tulikaa kimya kidogo, kisha nikaongeza mstari kwenye faili.